Waache waruke wenyewe: lenzi ndefu na ndege wa Barr Al Hikman

Katika kompyuta yangu kuna picha moja ambayo mpaka leo sijamtumia mtu. Kwa macho ya wengi ni picha nzuri. Ndege zaidi ya mia mbili, weupe wenye migongo myeusi, wote hewani kwa mpigo mmoja, mbawa zimefunguka, na nyuma yao maji ya kijani. Nilipoikuza kwenye skrini ndipo nikaona kilichokuwa kona ya chini upande wa kushoto. Ndege mmoja mkubwa, kaa anamdondoka mdomoni, na nyuma yake mtoto wa rangi ya kijivu amepanua mdomo akimfuata. Yule kaa alikuwa chakula cha yule mtoto. Na waliowarusha ni sisi, kwa gari.

Naandika haya kwa sababu tangu nianze kuonekana na lenzi kubwa huku Muscat, ndugu na jamaa wananiuliza sana jinsi ya kumpiga picha ndege anayeruka. Vijana wetu wamenunua kamera za bei, kila Ijumaa wako ufukweni, na kila wiki naona kwenye simu yangu video ya mtoto anakimbilia kundi la ndege huku baba anapiga picha. Nisiwaseme wao tu. Mie nilianza vivyo hivyo.

Nimefundisha jiografia na fizikia miaka thelathini na kitu, sehemu kubwa katika sekondari ya misheni mkoani Tanga. Mwanamke wa Kiarabu mwenye mtandio katikati ya masista, na tukaelewana vizuri tu. Nilipostaafu nikamfuata binti yangu Muscat. Lenzi nimerithi kinyumenyume, kutoka kwa mwanangu aliyeko Uingereza. Yeye alinunua mpya, akaniletea ile ya zamani pamoja na kamera yake. Ni ya milimita 150 hadi 600, uzito wake kama pakiti mbili za sukari za kilo moja. Watoto wa jirani wanaiita mzinga wa Bibi.

Kwa nini ndege? Hapo nina deni.

Siku moja tuliwapeleka kidato cha pili ufukweni kusoma kupwa na kujaa kwa maji. Kwenye tope kulikuwa na ndege hawa hawa wa kwenye picha yangu, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, wanakimbia hatua tatu, wanasimama, wanamdaka kaa. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, akaniuliza: "Mwalimu, wale ndege huenda wapi kusi likiingia?" Nikamjibu bila kufikiri, "Huenda Ulaya." Nilisema hivyo kwa kuwa ndege wote wa kuhama niliosomeshwa mie walikuwa wa Ulaya. Akaandika daftarini kwa mwandiko mzuri. Jibu lilikuwa si sahihi, na nimekuja kulijua nimeshastaafu, nimekaa sebuleni Al Khoudh na kitabu cha ndege wa Oman mapajani.

Hawaendi Ulaya kabisa. Wanasayansi wanamwita Dromas ardeola, mie namwita mla-kaa. Ni ndege wa bahari yetu hii ya Hindi. Huzaliana katika visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Sham na Bahari ya Arabuni, wakati wa joto kali, pale ambapo wewe na mie hatutoki nje bila kiyoyozi. Katika ndege wa jamii ya vitwitwi ni yeye tu anayechimba shimo mchangani na kutaga ndani yake, yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Kisha wengi wanashuka kusini, kuanzia pwani ya Kenya, pale Mida Creek karibu na Watamu, mpaka Tanzania na Madagaska. Wengine maelfu wanabaki Oman. Watu wanapenda kusema wanafuata kaskazi kama majahazi ya wazee wetu. Ni maneno matamu, lakini wa mwanzo wanafika Afrika tangu Agosti, kaskazi haijaanza hata kuvuma.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo lililoniuma. Ndege wengi wa jamii hii, vifaranga vyao vikitoka yaini vinajitafutia chakula wenyewe. Mla-kaa sivyo. Mtoto wake hulishwa shimoni, na hata akishajua kuruka bado anamfuata mkubwa miezi mingi, akilia kwa mluzi, akiomba. Desemba utamwona bado anaomba. Ukiona wa kijivu karibu na mweupe mwenye mgongo mweusi, umeona familia.

Desemba ya mwaka juzi mkwe wangu alitupeleka Barr Al Hikman. Kwa asiyejua, ni rasi tambarare inayotazamana na Kisiwa cha Masirah, kama kilomita 400 kutoka Muscat kwa njia ya Sinaw. Tope la bahari pale halina mwisho, na majira ya baridi hukaa ndege wa majini wapatao nusu milioni. Nusu milioni! Tulifika maji yamekupwa. Ndege walikuwa mbali mno, kama chumvi iliyomwagika kwenye ukingo wa mbingu. Mkwe wangu, kijana mwema, akasema, "Mama, usijali, nitakusogeza." Akaingiza gari kwenye sabkha.

Tukawafikia kundi moja lililokuwa limejitenga. Mjukuu wangu akapiga kelele dirishani, gari likaongeza mwendo, ndege wakapaa, na mie nikabonyeza. Picha arubaini na kitu kwa sekunde chache. Nilifurahi kama mtoto. Halafu gari likazama. Nyie mlioishi Ghuba mnaijua sabkha, juu ngozi kavu ya chumvi, chini uji. Magurudumu yote manne yakaingia.

Wavuvi wa Filim ndio waliotuvuta kwa pikapu na kamba, saa mbili na nusu baadaye. Hawakutaka malipo. Mmoja wao, mzee kunishinda, alitazama lenzi yangu, akatazama alama za magurudumu zilivyokwenda moja kwa moja hadi pale walipokuwa ndege, akaniambia kwa Kiarabu chake cha kule: "Khalti, kaa chini. Maji yatawaleta." Hakusema zaidi. Nilidhani ananionea huruma kwa sababu ya magoti yangu. Usiku nilipoifungua ile picha nikaelewa nimefundishwa.

Ndege wa kuhama ni kama msafiri aliyepewa mafuta ya kuhesabu. Anakula pale topeni wakati wa maji kupwa, na maji yakijaa anapumzika. Kila unapomrusha anachoma alichokula na anapoteza muda wa kula kingine. Mtu mmoja akimrusha mara moja labda si kitu. Lakini wikendi ile tulihesabu magari tisa pale.

Sasa, ufundi. Nitasema yale yaliyonisumbua mie tu, mengine yamo kwenye kitabu cha kamera yako.

Tatizo la kwanza la lenzi ndefu si uzito, ni kwamba huoni kitu. Nyoosha mkono, simamisha vidole viwili pamoja. Upana huo, kama nyuzi nne hivi, ndio dirisha unalochungulia ukiwa na milimita 600. Ndege anapita, unainua mzinga, unakuta mbingu tupu. Unamtafuta, keshakwenda. Mie nilikuwa napiga picha nyingi sana za mbingu ya Oman. Dawa yake ni kuanzia milimita 300, dirisha linakuwa vidole vinne, ukishamshika ndipo uvute. Na usimtafute kwa kamera. Mtafute kwa macho, ndege akiwa bado mbali, geuza kifua chote umwelekee, kisha inua lenzi bila kuyaondoa macho kwake. Inachukua wiki mbili tatu mwili kuzoea. Nilijifunza kwa shakwe wa Seeb, pale wavuvi wanapomwaga samaki asubuhi. Shakwe ni mwalimu mzuri, mkubwa, mvivu, na akikukosesha anarudi tena.

Spidi ya shata ni hesabu ya kidato cha pili. Tuseme ndege anakwenda mita 15 kwa sekunde. Ukifungua shata kwa 1/250 ya sekunde, amekwisha sogea sentimita sita, yaani picha imepakwa. Kwa 1/2500 amesogea milimita sita tu. Na ncha ya bawa inakwenda kasi kuliko mwili. Kwa hiyo naweka 1/2500, naifungua lenzi mpaka mwisho wake, na ISO naiachia kamera iamue. Picha ikiwa na chengachenga kidogo si neno. Picha iliyopakwa haiponi.

Fokasi iwe ile ya kuendelea, inayomfuata ndege, si ile ya kushika mara moja. Kamera mpya zinatambua jicho la ndege zenyewe. Yangu ni ya zamani, haijui jicho wala mkia, natumia kundi la nukta za katikati. Wakati wa kubonyeza usisimame. Endelea kuzungusha kiuno pamoja na ndege hata baada ya shata kulia, kama mtu anayepanda mpunga wa kutupa, mkono hausimami mbegu ikitoka.

Mkono wangu wa kushoto unatetemeka kidogo siku hizi. Nimenunua fimbo ya mguu mmoja ya kuegemeza lenzi, na ndege wakikawia nakaa chini, viwiko magotini. Stendi ya miguu mitatu kwa ndege anayeruka nimeijaribu, inanifunga. Watu wazima wenzangu msikate tamaa kwa mikono. Ukiwa na 1/2500 mtetemeko mdogo hauonekani.

Mambo mawili ya huku Ghuba ambayo vitabu vya Wazungu havitilii mkazo. La kwanza ni kiyoyozi. Ukitoa lenzi kwenye chumba cha baridi ukaipeleka nje kwenye unyevu wa pwani, kioo kinafunikwa na ukungu papo hapo, na ukikifuta kinarudi. Wacha mkoba wenye kamera barazani nusu saa kabla, umefungwa, ujoto ulingane. Lakini usiuache kwenye buti la gari mchana wa Julai. La pili ni hewa yenyewe. Saa nne asubuhi ardhi ikishapata moto, hewa juu ya tope inacheza kama juu ya jiko la mkaa, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoona kupitia hapo. Mtu ananiletea picha yake, ananiambia lenzi mbovu. Namuuliza ulipiga saa ngapi? Saa saba mchana. Sasa lenzi ina kosa gani?

Na adabu ya mzinga. Lenzi ya 600 inaona ndani ya madirisha ya watu. Usiielekeze kwenye nyumba, kwenye familia iliyokaa ufukweni, kwenye wanawake. Vituo vya jeshi, viwanja vya ndege na bandari msiguse kabisa, hata kama juu ya ukuta ametua kozi. Mlinzi mmoja alinisimamisha Muscat nikiwa nampiga picha furukombe juu ya nguzo. Sikujua nyuma ya nguzo kuna nini. Nilimwonyesha picha zote, moja moja, na alipofika ya thelathini alichoka mwenyewe. Akaniambia, "Hajja, nenda nyumbani." Nikaenda.

Walio mbali na Barr Al Hikman wasione wamenyimwa. Muscat kuna mabwawa ya Al Ansab na mikoko ya Qurm. Nyie wa Dubai mna Ras Al Khor, heroe wako hapo katikati ya jiji, na vibanda vya kujificha vimejengwa. Kibanda ni kitu kizuri kwa anayeanza, kwa vile hakikuruhusu kumkimbilia ndege hata ukitaka.

Januari iliyofuata nilirudi Filim. Safari hii nilisoma jedwali la maji kabla sijasoma hali ya hewa. Ndiyo siri yote ya ndege wa topeni. Maji yakikupwa wanasambaa kilomita na kilomita, maji yakijaa wanasukumwa hadi ukingoni, nyayo zako zilipo. Bamvua ni bora kuliko maji mafu, kwani yanapanda zaidi na kuwaleta karibu zaidi. Siku ile yalikuwa yajae kiasi cha saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili tulikuwa tumeshaegesha gari kwenye njia ngumu, tukashuka kwa miguu.

Halafu upepo. Ndege akitua au akiruka anaelekea upepo unakotoka, kama ndege ya abiria. Ukisimama upepo ukiwa mgongoni kwako, anayetua anakuja akikutazama usoni. Ukikosea ukasimama upande wa pili, utapiga mikia siku nzima. Kaskazi ilikuwa inavuma kwa upole kutoka mashariki ya kaskazini, na jua la asubuhi nalo likitoka mashariki, vyote viwili mgongoni mwangu, mbele yangu ghuba. Nikatandika mkeka, nikakaa. Mjukuu wangu nikampa darubini na kazi ya kuhesabu.

Tulikaa saa nzima hakuna kitu. Mtoto aliuliza mara nne, "Bibi, twende tukawasogelee?" Mkwe wangu alikuwa amelala garini, na namshukuru. Magoti yaliuma. Nilijiuliza kama mzee wa Filim alikuwa ananitania.

Kiasi cha saa mbili kasoro wakaanza kuja. Vitwitwi wadogo kwanza, makundi yanayogeuka kwa pamoja, mara meupe mara ya kijivu. Kisha wala-kaa, watatu watatu, watano watano, chini chini juu ya maji, wakitua mita hamsini kutoka mkekani, halafu arubaini. Hakuna aliyetukimbia. Kwao tulikuwa jiwe. Tuliwasikia, ule mluzi wa watoto wakiomba, hauishi.

Nilipiga kidogo kuliko mara ya kwanza. Ukikaa nao unaanza kujua nani ataruka. Anainama, anajisafisha, anageukia upepo, shingo inarefuka, hapo una sekunde moja. Na wanaokuja kutua unawaona tangu mbali, unao muda wa kuwashika kwa milimita 300, kuvuta, kusubiri wafungue mbawa kwa breki. Mmoja alikuja na kaa mdomoni, miguu ya kaa inaonekana ikining'inia, na mtoto wa kijivu yuko nyuma yake bawa kwa bawa, mdomo wazi. Niliwafuata mpaka wakagusa ardhi. Picha kumi na nne.

Mjukuu alihesabu wala-kaa 163. Nilimwomba ahesabu tena, akapata 158, tukaandika zote mbili.

Maji yalipoanza kutoka, nao wakaondoka nayo, kwa miguu wengi wao, hawana haraka. Sisi tukabaki tumekaa mpaka wakawa mbali, ndipo tukainuka.

Yule mvulana wa kidato cha pili sasa ni fundi wa mashine za boti huko huko Tanga, ana wajukuu. Namba yake niliipata kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wa zamani. Nilimtumia picha ile ya kaa na mtoto, nikamwandikia: "Uliwahi kuniuliza ndege hawa huenda wapi kusi likiingia. Nilikujibu vibaya. Huenda Uarabuni, kuzaa. Samahani kwa kuchelewa."

Jioni akajibu. "Shikamoo Mwalimu. Huku kwetu wapo sasa hivi, jana niliwaona mkono wa mto. Huyo wa kijivu ndiye mtoto?"

Nikamwandikia ndiye.

"Alipewa yule kaa?"

Ilibidi nivae miwani nifungue zote kumi na nne, moja baada ya moja. Kwenye ya kumi na moja wameshatua, na kaa hayupo tena mdomoni mwa mkubwa. Kwenye ya kumi na mbili mtoto ameinua kichwa, anameza.